Dagaa, Kambare na Kibuyu cha Samli

Hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye ua na wakialikana chai kama watu, Bwana Nyani alijenga birika la mawe mbele ya baraza yake. Akalijaza maji, akatia samaki. Hakuwafuga ili awale. Aliwafuga ili wageni wawatazame na kusema, "Eee! Bwana Nyani ana mambo!"

Humo aliishi Ningu, na Ngogo mwenye miiba, na Mama Perege, na Dagaa, mwembamba kama unyasi.

Siku moja Kenge alipita akiuza kisamaki ndani ya kopo. Hakikuwa na magamba. Kilikuwa na kichwa kipana na sharubu ndefu pande zote.

"Kambare huyo," alisema Kenge. "Mpole! Tazama sharubu, kama bwana harusi."

"Hatakuwa mkubwa sana?" aliuliza Nyani.

"Aka! Samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake. Mtie kikombeni, atakuwa samaki wa kikombe."

Nyani akacheka, akamtia birikani.

Wanangu, Kenge alisema uongo. Kambare hakuuliza birika lina ukubwa gani. Alikula, akakua, akakua tena, mpaka ikawa akitaka kugeuka sharti aukunje mkia kama mkeka. Na majirani wakaanza kupungua.

"Ningu yuko wapi?" aliuliza Nyani.

"Amehama," alisema Kambare.

"Bila kuaga?"

"Alikuwa na haraka, bwana."

Baadaye Ngogo naye hakuonekana.

"Na Ngogo?"

"Kaenda kuwasalimu wakwe. Hik!" Kambare alikwamwa kidogo kooni, kwa sababu ya ile miiba.

Nyani akatikisa kichwa. "Samaki wa siku hizi hawana adabu."

Dagaa hakudanganyika. Alikuwa amemchunguza Kambare vizuri. Macho madogo ya Kambare hayaoni mbali; huonja kwa sharubu. Sharubu zikigusa kitu chenye ladha, mdomo hufunguka, gubu! Hatafuni. Kinachoingia mdomoni ni chakula, na hakuna swali la pili.

Basi kulikuwa na shida. Perege huwalea watoto wake mdomoni, na kinywa cha Mama Perege kilikuwa kimejaa. Hakuweza kula. Hakuweza kusema.

"Dada, watatoka lini?" aliuliza Dagaa.

"Mm-mm."

"Leo?"

"Mm!"

"Usifungue! Yule atawanywa wote kama uji!"

"Mmmmm!" Mashavu yalikuwa yamevimba, na ndani vikia vilimtekenya, tiki, tiki, tiki. Alikuwa amebakiza subira kidogo sana.

Asubuhi hiyo mke wa Nyani alikuwa akiosha vyombo. Alichukua kibuyu kidogo cha samli, kilichokwisha samli yake, akakitupa birikani kizibo kikiwa bado kimekaza, ili masizi ya nje yalowe. (Nyanya yetu, aliyetupa hadithi hii, alisisitiza: kibuyu, si mtungi. Mtungi ungezama.) Kikaelea, chepe, chepe, kikinuka mafuta.

Dagaa akakitazama. Kisha akaenda kubisha hodi kwenye kona ya Kambare.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sogea, sikusikii."

"Hapa nilipo nasikika vizuri, mjomba. Nina ombi. Nimepata mgeni kutoka bara. Yuko juu anapunga upepo. Tafadhali usimguse."

"Mnono?"

"Mafuta yanamtoka! Lakini sina wasiwasi. Hakutoshi mdomoni."

"Nani hanitoshi?"

"Mgeni. Ni mpana. Ningu alikuwa mwembamba, yule hata mtoto angemweza."

"Hata mtoto!" Kambare akafunua mdomo kama mlango wa ghala. "Kijana, mdomo huu haujawahi kumwambia mgeni arudi kwao!"

"Basi nimekosea, mjomba. Wazee huwa hawapendi kukumbushwa umri."

Kambare hakungoja tena. Akapanda juu, sharubu zikagusa. Samli! Gubu!

Akashuka kwa maringo. Yaani, alitaka kushuka. Tumbo likakataa. Akapiga mkia, chubwi! Akaenda chini kidogo, pwii! Akarudi juu. Kisha akapinduka, tumbo jeupe likaelekea jua.

"Dagaa! Mgeni wako ananipandisha!"

"Pole, mjomba. Watu wa bara wamezoea vilima."

"Nishushe! Ngozi inakauka!"

"Mimi? Na mwili huu wa unyasi?"

Kambare hakufa, maana kambare huweza kuvuta hata hewa ya juu. Alibaki akielea na kutukana.

Mara Nyani akatokea na mgeni wake, Kima. "Njoo umwone samaki wangu mku... Mama yangu! Amekufa!"

"Sijafa!" alifoka Kambare.

"Amekufa, na bado anabisha," alisema Kima.

Dagaa akachomoza kichwa. "Hajafa, bwana. Birika limekuwa dogo, chini hakumpokei tena. Mtoni atazama vizuri."

"Lakini Kenge aliniambia..."

"Kenge yuko wapi leo, bwana?"

Kima akakohoa. Nyani akajinyoosha. "Nilijua. Nilikuwa nampeleka leo hii hii."

Wakamviringisha kwenye mkeka uliolowa, wakambeba, haya! haya! mpaka mtoni. Walipomtua majini, Kima akambonyeza tumbo ili kumsukuma.

Pwaa! Kibuyu kikaruka kutoka mdomoni, kikampiga Nyani kwenye paji la uso, ko! Kambare akazama. Kule kilindini akageuka mzima mzima bila kukunja mkia, akaenda zake, wala hakuaga.

Nyani akakiokota kibuyu, akakinusa.

"Hiki ni cha mke wangu," alisema. Akakitazama kibuyu, akautazama mto. "Kumbe Ningu hakuhama!"

Huko birikani Dagaa alikuwa akizunguka kama aliyepagawa. "Dada! Hayupo! Fungua!"

Mama Perege akafungua. Watoto wakamwagika kama mtama kutoka gunia, wakatawanyika kila pembe, wadogo, wenye macho makubwa. Mama akachezesha taya kushoto, akalichezesha kulia.

"Asante, mdogo wangu," alisema. "Sasa nyamaza, maana siku zote hizi umesema wewe tu."

Akaanza kuzungumza, na jua likazama hajafika katikati.

Basi wanangu, akimeza mtu asichokitazama, kitamvua nguo mbele ya wageni.