Chuma Kilichong'aa

Kaeni niwape hiki, na mwenye roho ya kwa nini azibe masikio. Palikuwa na Mzee Mbwego, nyumba sita, akili nusu. Mpangaji wake Siwatu alikuwa akikaanga vitumbua barazani, na kila asubuhi foleni ilifika kisimani. Mzee akaingiwa na tamaa.

"We binti, biashara hii naichukua. Niachie chuma chako cha kukaangia na rojo lako, la sivyo hama leo."

"Chukua, baba mwenye nyumba. Ila ukishindwa?"

Mzee alicheka mbele ya wapangaji wote. "Kitumbua kinishinde mimi? Kikinishinda, baraza hili lako, sikugusi tena!"

"Haya. Basi ngoja nikuoshee chuma. Kina masizi ya miaka saba, si heshima kumpa mkubwa chombo kichafu."

Akakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikang'aa kama kioo.

"Kumbe una adabu," Mzee akamsifu.

Asubuhi Mzee akamimina rojo. Kitumbua cha kwanza kiling'ang'ania. Cha pili alikibandua kwa kijiko, kikatoka matambara. Cha kumi alikipigia nyundo, na foleni nzima ikashika mbavu.

Adhuhuri akakitupa chuma miguuni pa Siwatu. "Chukua, na baraza lako! Umekiroga!"

"Nimekiosha tu, baba," Siwatu alijibu, huku akikipaka mafuta. "Chuma cha vitumbua hufutwa kwa kitambaa. Kikishaonja sabuni kinakuwa kama wewe, hakiachii kitu."