Semeni na Iliki Iliyokataa Kuota

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa yenu ina usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Mwenye masikio asikie, mwenye macho aone, na mwenye pua aiweke tayari, maana ngano ya leo ina harufu. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Mavumbini, aliishi mwanamke mfinyanzi jina lake Semeni. Alikaa na mama yake, Bi Mashavu, kwenye nyumba yenye ua mdogo na mpapai mmoja. Watu wa Mavumbini walilima mtama, mihogo na kunde, basi. Leo mtama, kesho mihogo, keshokutwa kunde, kisha wanaanza tena na mtama.

Semeni alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kwa nini kunde hutambaa na mtama husimama. Aliuliza kwa nini papai lina mbegu nyingi na embe lina moja tu. Majirani wakimwona anakuja, ghafla wanakumbuka kazi walizoziacha nyumbani.

Mwaka mmoja Bi Mashavu alishikwa na homa. Homa ikakaa siku nyingi, kisha ikaondoka, lakini iliondoka na pua yake. Chakula chochote akitia kinywani kilikuwa kama mchanga. Asubuhi akakataa mtama, mchana akakataa mihogo, jioni akakataa kunde. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe.

Kitu kimoja tu kilimfanya afungue kinywa: uji uliotiwa iliki. Alisema harufu yake anaisikia kwa mbali sana, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Basi akinusa, anakunywa vijiko vitatu, na vijiko hivyo vitatu ndivyo vilivyomweka hai.

Iliki yenyewe ililetwa na mchuuzi mmoja, Msabaha, aliyepita na punda wake mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Semeni alimpa vyungu, naye akampa kifuko. Kisha, kama kawaida yake, akauliza: mmea wake ukoje, unaota wapi, unapandwaje? Msabaha akamwambia asijisumbue. Mmea ule huota juu ya mwamba, humwagiliwa maziwa ya mbuzi mweusi, na ukipandwa na mtu asiye wa ukoo wake Msabaha, hufa siku ileile.

Semeni akamshukuru kwa adabu, wala hakumsadiki.

Sasa kifuko kilikuwa kidogo na mwaka ulikuwa mrefu. Siku moja Semeni alikaa nacho mapajani akiwaza. Akizipika punje zote, zitakwisha kabla Msabaha hajarudi, na mama atakufa. Akizipanda, huenda zikaota, lakini mama atakunywa nini wakati zikiota? Alikaa hivyo mpaka Bi Mashavu akamwita.

"Kapande nusu, mwanangu," alisema. "Mimi nitakunywa uji wa iliki siku moja, na uji mweupe siku ya pili."

Semeni akachukua chungu kilichopasuka, akatia udongo mweusi wa mtoni, akafukia nusu ya punje. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, hakuna kilichochomoza. Akachukua nusu ya zile zilizobaki, akapanda tena. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, udongo ukawa udongo vilevile. Alipofukua, alizikuta punje zimeoza.

Jirani yao, Bi Tunu, akaenda kisimani akasema kwamba Semeni anazika chakula cha mama yake. Maneno hayo yalimfikia Semeni, yakamuuma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake.

Asubuhi moja ndege hondohondo alitua kwenye mpapai. Hondohondo mnamjua: mdomo mkubwa kuliko kichwa, na sauti ya kugombana. Mavumbini nzima walikuwa wakimfukuza kwa mawe. Semeni hakuokota jiwe. Alitaka kujua mdomo ule unamlemea au haumlemei. Akaangua papai lililoiva, akalipasua, akamwekea juu ya kinu kilichopinduliwa. Hondohondo akala, akafuta mdomo, akasema:

"Semeni, Semeni, wauliza nini?"

"Nauliza kilichonishinda."

"Kilichokushinda kina jina?"

"Iliki. Nimeipanda, haioti."

Hondohondo akamwambia kwamba hakupanda mbegu, alipanda maiti. Yeye huruka juu ya njia ya Msabaha kila mwaka, na kila mwaka humwona, kabla hajavuka mto kuingia vijijini, akiinjika chungu na kuichemsha iliki yote, kisha akiianika juani. Hufanya hivyo ili asipatikane mtu wa kuipanda, na kilichochemshwa hakiamki.

"Lakini mimi naila mbichi, kulekule mlimani inakoota," alisema hondohondo.

Akanyoosha shingo, akakohoa mara tatu, na kila alipokohoa mbegu moja ikadondoka. Zilikuwa nyeusi, zimevikwa utando wenye utelezi. Akamwambia ndizo alizo nazo, nyingine hana. Kisha akaruka, mabawa yakivuma kama mtu anayepepeta nafaka.

Semeni akapanda mbegu ya kwanza. Siku zikapita, hakuona kitu. Alipofukua aliikuta imejaa ukungu, utelezi umeganda juu yake kama gundi. Chini ya chungu palikuwa na konokono, akatoa pembe zake taratibu.

"Semeni, Semeni, wauliza nini?"

"Nauliza kilichonishinda."

"Kilichokushinda kina jina?"

"Iliki. Mbegu ni hai, lakini imeoza."

Konokono akazirudisha pembe ndani, akazitoa tena, maana jibu alilokuwa nalo lilikuwa adui yake.

"Ule utelezi ndio mlango uliofungwa," alisema mwishowe. "Ioshe, kisha isugue kwa jivu. Nakwambia habari za jivu mimi, ambaye jivu huniua. Kwa hiyo usilimwage njiani kwangu."

Semeni akamwahidi, na tangu siku hiyo jivu la jikoni akawa analitupa upande wa pili wa ua, ingawa ni mbali.

Mbegu ya pili akailoweka usiku kucha, akaisugua kwa jivu mpaka ikakwaruza vidoleni, akaifukia kina cha ukucha tu. Mwezi ukaandama, mwezi ukafa, na siku ya kumi ya mwezi wa pili udongo ukapasuka, likatoka jani moja la kijani, limejikunja kama mkeka.

Furaha yake ilikuwa kubwa. Akakibeba chungu, akakiweka katikati ya ua jua likione vizuri, na majirani nao wakione vizuri. Ilipofika siku ya tatu, jani lilikuwa limekauka kama uzi.

Siku hiyo Semeni alilia. Mbegu ilikuwa imebaki moja. Kifukoni mwa Msabaha hakukuwa na kitu tena, na Bi Mashavu sasa hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Semeni akaichukua ile mbegu ya mwisho, akaenda nayo jikoni, akasimama mbele ya chungu cha uji. Mama yake akamwona.

"Punje moja hainiongezei siku," Bi Mashavu alisema. "Ipande. Na mimi nataka kujua."

Hapo ndipo Semeni alipofahamu tabia ya kuuliza aliitoa kwa nani.

Akatoka nje, akaketi upenuni karibu na mtungi wa maji. Nyuma ya mtungi palikuwa na chura.

"Semeni, Semeni, wauliza nini?"

"Nauliza kilichonishinda."

"Kilichokushinda kina jina?"

"Iliki. Imeota, jua limeiua."

Chura hakueleza sana. Alimwambia alale pale anapolala yeye. Semeni akalala kifudifudi nyuma ya mtungi, shavu likagusa ardhi. Akahisi baridi. Akahisi unyevu, lakini si tope, maana maji yalidondoka kidogo kidogo na kupita. Akaona mwanga ukipenya vipande vipande kwenye makuti ya paa. Bi Tunu alichungulia uani, akamwona amelala chini na chura, akarudi nyuma bila kusalimu.

Semeni akaisugua mbegu ya tatu kwa jivu, akaipanda mahali palepale, na siku zote za kungoja Bi Mashavu alinusa kifuko kitupu, akameza kijiko kimoja kimoja. Ikaota. Likatoka jani la kwanza, likabaki. Likatoka la pili, likabaki. Lilipotoka la tatu, akachuma ncha yake, akaisugua vidoleni, akaingia ndani na kuiweka puani mwa mama yake.

Bi Mashavu akafumba macho. Akavuta pumzi mara moja, akavuta mara ya pili, machozi yakamtoka. Semeni akaogopa, akamuuliza ana nini.

"Nasikia harufu," alisema Bi Mashavu. "Na kuna kitu kinaungua jikoni."

Kweli, kunde zilikuwa zinaungua. Bi Mashavu akaomba kunde hizohizo, akala, na ukoko akala.

Tangu siku hiyo uji ulitiwa kipande cha jani, na Bi Mashavu akarudiwa na mwili. Mmea nao ukakua, ukazaa machipukizi, ukampita Semeni kwa kimo. Watu walikuja kutazama matunda yako wapi. Walitazama juu mwaka wa kwanza, wakatazama juu mwaka wa pili, hawakuona kitu. Bi Tunu akasema ni tangawizi iliyopata wazimu. Mwaka wa tatu Semeni aliinama kufagia shinani, akaona maua meupe yamelala juu ya udongo, na baada yake vitunda vya kijani. Miaka yote wale watu walitazama juu, kumbe mmea ule huzalia chini, miguuni pao.

Semeni akamgawia kila mwenye nyumba mbegu tatu na konzi ya jivu, akawaonyesha namna ya kufanya. Bi Tunu yeye akapewa sita.

Msabaha, ambaye hakuonekana tena tangu alipoacha kile kifuko, alikuja mwaka uleule, punda wake hana mzigo. Alikuta Mavumbini yote inanukia, akakaa chini. Akaeleza kwamba msitu wa ng'ambo ya mlima uliungua, iliki yote imekwisha, na yeye hajui kupanda. Baba yake alimfundisha kuchuma na kuchemsha tu. Habari za mwamba na mbuzi mweusi alizisikia kwa babu yake, na kwa muda mrefu yeye mwenyewe alizisadiki.

Watu wakataka afukuzwe. Bi Tunu akashauri apewe mbegu nyingi, ila zichemshwe kwanza. Wakacheka, kisha wakamtazama Semeni.

Semeni hakucheka. Alimsogelea Msabaha akaanza kumuuliza: amepita nchi ngapi, huko wanakula nini, majani yao yananukaje, na mbegu zao zikoje. Msabaha akajibu mpaka mifugo ikarudi zizini. Hapo Semeni akamfungia mbegu hai na jivu.

"Chukua, ukapande kwenye msitu wako," alimwambia. "Na kila mwaka niletee mbegu moja ya kitu ambacho Mavumbini hatujakiona. Usiichemshe."

Msabaha akatimiza. Mwaka mmoja alileta mrehani, mwaka mwingine giligilani, mwaka mwingine pilipili manga iliyopanda mpapai hadi kileleni. Vyungu vibovu vikajaa ua, vikatoka hadi njiani.

Mwaka wa saba alileta mbegu moja kubwa, ya mviringo, yenye manyoya. Alisema amepewa na mwanamke aliyepewa na mwanamke mwingine, na hakuna aliyejua jina lake, wala kama ni ya kuliwa au ya kunusa. Bi Mashavu akaipokea, akaigeuza, akainusa pande zote, akamkabidhi binti yake.

"Haya," akasema, "chungu kiko wapi?"

Basi jamani, anayeificha mbegu huibakiza peke yake, na siku ikiungua hana wa kumwomba. Na asiyeona haya kumuuliza hata konokono hatakosa jibu, ijapokuwa litachelewa.

Mnataka kujua ile mbegu ya mwisho iliota nini? Hata mimi niliuliza. Nikaambiwa nisubiri, na ndiyo maana mnaniona na mvi hizi.

Hadithi yangu naifukia hapa. Ikiota, ni yenu. Isipoota, mmeichemsha.