Mstari Uliotembea Ubavuni

Kaeni vizuri, na anayekula aweke bakuli chini kwanza, maana hadithi hii inatisha na haina mwisho. Mwisho mtautia nyinyi.

Palikuwa na dada watatu katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Leokadia alijaliwa macho: chenga ya jiwe kwenye ungo wa mchele aliiona kabla wewe hujainama. Apolonia alijaliwa ulimi: aliweza kumchekesha hata mfiwa. Filotea alijaliwa miguu: ukimtuma, unabaki kujiuliza kama ameshakwenda na kurudi au bado hajaondoka.

Wote watatu waliacha shule baba yao, Mzee Kamilius, alipougua figo. Uso ulivimba, miguu ikavimba, mkojo ukatoa povu kama la sabuni. Shangazi yao anayekaa mjini, jirani na sekondari, akawaambia, "Kaka akipata nafuu, mmoja wenu aje kwangu arudi shule. Mmoja tu. Kitanda nilicho nacho ni kimoja."

Daktari alimpa Mzee vidonge vya kuzuia figo zisivuje. Uvimbe ukapungua, lakini akaanza kukohoa na kushikwa na tumbo. Choo chake kikapelekwa maabara ndani ya kikopo. Majibu: safi, hakuna kitu. "Basi kesho mmoja wenu aje," daktari akasema. "Namwongezea vidonge vile vile."

Asubuhi yake Leokadia alikuwa akimpepea baba aliyelala. Shuka likateleza. Ubavuni akaona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Jana haukuwepo. Akachukua mkaa, akaweka nukta pale mstari ulipoishia, kisha akaenda kuinjika wali. Wali ulipoiva akarudi. Mstari ulikuwa umeivuka nukta kwa vidole viwili! Mwiko ukamdondoka mkononi.

"Jamani njooni! Kuna kitu kinatembea ndani ya baba!"

Apolonia ndiye aliyeketi kitandani. "Baba, karatasi inasema choo chako ni safi. Huyu anayetembea katoka wapi?"

Mzee akageukia ukutani.

"Haya, usiseme. Mtani wako Ngwada atakuja msibani kavaa kofia yako, ajikune tumbo hivi, akohoe hivi, waombolezaji wacheke mpaka wasahau kulia." Akaigiza, akaigiza, hadi Mzee akacheka, na ndani ya kicheko neno likamponyoka:

"Huyo huyo Ngwada ndiye aliyenijazia kikopo!"

Apolonia akaacha kuigiza.

"Ati nini, baba?"

"Ningewapaje binti zangu choo changu wakibebe? Mambo ya aibu ni kazi ya mtani."

Mimi nilipohadithiwa hapa nilishika kichwa. Mtu mzima anakwenda kufa kwa sababu ya choo cha mwenzake! Lakini Apolonia hakumgombeza. "Baba," alisema, "afadhali tuizike aibu kuliko tukuzike wewe." Akampa kikopo kipya, akatoka, akafunga mlango.

Mpimaji wa maabara alishawaambia kwamba choo kiletwe kingali moto, kabla vijidudu havijafa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, bodaboda zote zimenasa kwenye tope. Filotea akakifunga kikopo kwa khanga tumboni, akakimbia juu ya matuta ya majaruba ya mpunga, akavipita vijiji vitatu. Njiani wazee wakamwita, "We binti Kamilius! Siku hizi huna shikamoo?"

"Nitaileta nikirudi!"

Huko maabara, mpimaji akainamia hadubini. Akainuka. Akainama tena. "Dokta, njoo uone. Wanacheza humu."

Daktari alitazama, akakaa chini. "Minyoo hii hupenyea kwenye nyayo," alisema. "Huenda alikaa nayo miaka, mwili ukiikaba. Vidonge nilivyompa kwa ajili ya figo vimewalaza askari wa mwili, minyoo ikapata uwanja. Na leo nilikuwa naongeza." Akaandika dawa ya minyoo papo hapo.

Ni kweli. Maisha yake yote Mzee Kamilius aliingia jarubani peku. Aliamini kuukanyaga mpunga kwa viatu ni kuutukana.

Minyoo imekwisha. Figo bado zinatibiwa, lakini amesimama. Siku hizi huvaa buti, na kila akishuka jarubani huuomba mpunga radhi.

Sasa shangazi ameleta salamu: kitanda kimetandikwa.

"Bila macho yangu mngeendelea kuiamini karatasi," akasema Leokadia.

"Bila ulimi wangu," akasema Apolonia, "Filotea angekimbia na choo cha Ngwada."

Filotea alikuwa akipapasa kovu la mwiba alioukanyaga siku ile. "Na bila miguu yangu kikopo kingepoa. Na baba angepoa."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akashindwa. Akamwita Ngwada amsaidie kuamua. Ngwada akasema, "Na mimi je? Choo changu ndicho kilichosifiwa hospitali!" Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakucheka mtu, maana begi lilikuwa mlangoni, tupu, na wasichana watatu walikuwa wamesimama mbele yake, kila mmoja ameshika sare yake ya zamani.

Nyinyi mlionisikiliza, shule inafunguliwa Jumatatu. Je, mngetia sare ya nani ndani ya begi lile?