Kwa Nini Korodani Hukaa Nje ya Mlango

“Ombi la Wakazi Wawili Kuhamishwa kwa Muda kwa Sababu ya Joto.” Hicho ndicho kichwa cha faili la hadithi yangu ya leo, kina baba mlioketi benchi la nyuma mkijifanya mnasoma bango la vyandarua. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne, na kila mwaka yuko mume anayemsindikiza mkewe kliniki, kisha ananinong'oneza: hivi vitu kwa nini viliwekwa nje? Mwaka huu ni zamu ya Baba Ngusa. Sogea mbele, baba, usione haya. Hapa hakuna mwanamume asiyekuwa navyo.

Zamani hizo viungo vya mwili vilikuwa watu wa kijiji kimoja chenye mitaa miwili, wa mwanamume na wa mwanamke, na wenyeji wakitembeleana. Kiunoni, jirani na Bwana Figo, waliishi ndugu wanne wa tumbo moja. Wasichana wawili waliitwa kina Ovari. Kaka zao mapacha, Kulwa na Doto, ndio sisi tunaowaita korodani. Walikua pamoja, wakala chungu kimoja, na mgeni asingeweza kukwambia yupi ni yupi.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Kina Ovari walikabidhiwa mayai yao yote tangu mwanzo. Kazi yao ilikuwa kukomaza moja kila mwezi na kulisindikiza kwenye mrija, literemke hadi kwa Bi Mji wa Mimba. Nyumba ya Bi Mji ilikuwa ndogo, ingeenea kiganjani, lakini kila mwezi alitandika humo kitanda kinene cha damu, akangoja mgeni. Mgeni asipofika, alikitandua, akakimwaga, akaanza upya. Kulwa na Doto walitakiwa kutengeneza mbegu kila siku, na mbegu hizo ziwe na mkia, kwa kuwa njia ya kwenda kukutana na yai ni ya kuogelea.

Sasa, mayai hayakudhurika na joto la ndani. Mbegu zilidhurika. Zilitoka chache, zimelegea, nyingine zikizunguka palepale kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Mwaka ukapita, mtoto hakuna.

Ndipo Kulwa na Doto wakapeleka ombi barazani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Figo, mtu wa kuchuja kila neno, na karani alikuwa Bwana Ini, ambaye hakuwahi kutupa karatasi.

“Joto ni letu sote,” alisema Figo. “Mimi niko hapa tangu kuumbwa. Mmeshanisikia nikilalamika?”

“Wewe hutengenezi kitu kinachoogelea, mwenyekiti,” alijibu Doto.

“Wamesema wanaharibikiwa na kazi,” Ini alinong'ona, “ila hawakuambatanisha ushahidi.”

“Ushahidi gani tena?” Kulwa alipandisha sauti. “Ushahidi ni kwamba hakuna mtoto!”

“Kitu kisichokuwepo hakiambatanishwi,” alisema Ini, kwa upole kabisa.

Basi barua ikapandishwa kwa Mheshimiwa Ubongo, aliyekaa ghorofani na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishuka. Jibu lilirudi likisema barua imepokelewa. Wakaandika ya pili. Jibu likasema barua ya kwanza imepokelewa.

Mwezi uliofuata Bi Mji mwenyewe alikuja barazani, kajifunga kanga, mikononi kabeba kitanda alichokitandua asubuhi ile. Akakiweka mezani mbele ya Figo, juu ya mafaili.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, Bi Mji. Hicho—”

“Hiki ni cha kumi na tatu. Nimetandika mara kumi na tatu, na mara zote nimetandua mwenyewe. Sina ugomvi na mtu. Nauliza tu: nitandike tena, au niache? Maana nikiacha mimi, baada ya mwanamume huyu na mwanamke huyu wenye mitaa yetu hapatakuwa na watu.”

Figo alichomoa faili chini ya kitanda kile. Akasema waandike ruhusa, ila iwe ya muda, mpaka uchunguzi ukamilike. Wahamiaji wasijenge; wakae kwenye mfuko wa ngozi nje ya ukuta. Kukiwa na joto uning'inie, kukiwa na baridi uvutwe karibu. Damu yao iendelee kutoka nyumbani, jirani na Figo. Na mlango waliotokea usikazwe sana, kwa sababu watarudi karibuni.

Mapacha wakashuka siku hiyohiyo. Huko nje palikuwa na ubaridi kidogo tu, lakini ulitosha. Mbegu zikaota mikia, zikaogelea, na moja ikalikuta yai mrijani. Siku chache baadaye Bi Mji alipokea mgeni, akafunga mlango, akamlaza, akamlisha kwa kamba miezi tisa. Nyumba ya kiganja ikatanuka mpaka ikalisukuma tumbo zima.

Mtoto alipozaliwa na kamba kukatwa, Bi Mji alimbeba hadi kwa Ini. “Ushahidi huu hapa,” alisema, akimwonyesha palipofungwa kamba. “Ambatanisha.” Ini akaandika, kisha kwa mara ya kwanza akafunga faili.

Tangu siku ile kila mtu hubeba kitovu. Ila uchunguzi wa Figo haujakamilika na makazi ya nje bado ni ya muda, kwa hiyo kila mtoto wa kiume, akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake hufunga safari ileile kutoka kiunoni. Mkiona moja imechelewa, mleteni tumtazame. Mlango ule bado ni dhaifu, ndipo wanaume wengi hupatia ngiri. Na mpira ukikupiga pale, Baba Ngusa, maumivu hupanda hadi tumboni, kwa sababu nyumbani hawajawasahau.

Faili lina kurasa nyingi. Kilichotokea ni kwamba ndugu wawili walisikia joto, wakahamia nje, na mtoto akazaliwa.