Joho la Barua Kumi na Nane

Hapo zamani, watu wa milimani walipomwasi mfalme wao, walimtuma Mwidani bin Shamte kwenye mji wa pwani akamwombe Sultani baruti. Walimpa maneno mengi mazuri na nauli ya kwenda tu. Basi Mwidani akakaa mjini miaka miwili, balozi mzima, akila mhogo mkavu na kwenda barazani na joho la kuazima kwa mshonaji, huku serikali yake ikimletea barua tu.

Waziri Nasoro, mtu wa majoho arobaini na majivuno ya kuyatosha yote, akamsuta mbele ya watu. "Ewe balozi, joho hilo nalijua, ni la mshonaji. Ijumaa njoo umevaa ulicholetewa na serikali yako, usiongeze hata uzi. Ukishindwa, utaondoka mjini, na baruti atauziwa mfalme mliyemwasi."

Mwidani akarudi chumbani. Alijua baruti ile ikienda kwa mfalme, ndugu zake watamalizwa. Akazitoa barua zote kumi na nane, akayeyusha lakiri, nta ya mihuri yake, akaziunganisha zikawa joho.

Ikawa Ijumaa. Akaingia barazani, karatasi zikichakacha kila hatua, na wakuu wote wakaangua kicheko. Sultani akasema, "Kaa kitako, balozi."

"Bwana wangu, nikikaa serikali yangu itapasuka makalioni."

Sultani akacheka hata akafuta machozi, akamwamuru Nasoro alisome vazi lile. Kifuani: "Fedha zi njiani." Mkono wa kulia: "Fedha zi njiani, uza saa yako." Mgongoni: "Baruti imekwisha. Wake zetu wanapigana kwa michi." Hapo kicheko kikakatika.

"Huyu anatudhihaki," akasema Nasoro.

"Nimetii amri yako, Waziri," akajibu Mwidani. "Serikali yangu ni fukara, tena ya uongo, lakini nilicholetewa nimekivaa chote. Nawe vaa ulichopewa na serikali yako, usiongeze hata uzi, tukuone."

Sultani akamtazama Nasoro. Mshahara wake aliujua, maana aliupanga mwenyewe, nao ulitosha kikoi na kofia tu. Basi akaamuru majoho yote arobaini yapigwe mnada, na fedha zake zikanunua baruti, ikapandishwa milimani juma lile lile.

Naye Nasoro akatoka barazani kwa kikoi, akakatiza sokoni, na watu waliozoea kumwinamia wakaendelea kupima mchele.