Kwa Nini Chumvi Hubaki Chunguni

Sogeeni, lakini msiyakaribie mafiga. Chungu hiki kina maji ya chemchemi yetu ya chumvi, na mpaka yakauke jua litakuwa limeshahamia upande wa pili wa banda. Najua kungoja kunawachosha. Kuna mmoja wenu ameshafunua mfuniko mara tatu, nami nimemwona. Basi niwaeleze kwa nini mfuniko huo hutoka jasho, na kwa nini jasho lake ni maji matamu ilhali yaliyo chini yake hayanyweki.

Kabla mvua haijaijua njia ya kushuka, maji yote yalikuwa chini. Yalitoka mlimani, yakatembea mtoni, yakalala bwawani, na hapakuwa na tone lililowahi kupanda juu. Ukiyaweka motoni yalipata moto, basi. Hayakuchemka, hayakutoa mvuke, hayakupungua. Nguo iliyofuliwa ilikamuliwa mpaka vifundo vya mikono viume, na bado mtu aliivaa mbichi, maana maji hayakujua kuondoka.

Maji, mnajua, ni chembe. Ni ndogo mno, ndogo kuliko unga uliochekechwa mara mia, wala jicho haliwezi kuziona. Siku hizo chembe za Maji zilishikana mikono na hazikuachana kamwe. Zilikuwa na kiapo, na kiapo chenyewe kilikuwa kwa ajili ya Chumvi.

Chumvi alikuwa jiwe jeupe lenye pembe pembe, limekaa peke yake kwenye mwamba wa bonde hili. Hakuna mmea uliotaka kuota karibu naye. Maji alipopita akamhurumia. Chembe zake zikamzunguka, zikamlegeza polepole, na kila kipande kidogo cha Chumvi kikakumbatiwa na chembe kadhaa za Maji, mpaka macho hayakumwona tena, ingawa ulimi ulimjua alipo. Maji akamwahidi kwamba hatamwacha njiani. Kwa hiyo chembe hazikuthubutu kuachiana mikono, zisije zikamwangusha mgeni.

Watu wa bonde hawakuona shida. Walikuwa na kijito cha maji matamu upande wa juu, na chemchemi ya chumvi waliitumia kuungia mboga tu. Mpaka mwaka ule kijito kilipokatika.

Wanaume walichukua vibuyu wakaenda kutafuta maji, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Nyumbani alibaki Minza, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne aitwaye Sayi. Siku ya kwanza Minza alinyonyesha. Siku ya pili titi moja likakataa. Siku ya tatu asubuhi Sayi alinyonya, akaachia, akanyonya tena, kisha akalia bila machozi. Minza akampapasa kichwani, akakuta utosi umebonyea.

Hakuweza tena kukaa. Alimfunga mtoto mgongoni, akamfungua, akamlaza kivulini, akamwinua. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi na kurudi, akaenda tena. Maji yalikuwa tele pale, yanang'aa, na alijua kwamba akiyanywa yatamzidishia kiu. Ni jambo baya kuangalia maji mengi namna ile huku mtoto wako amekauka midomo.

Ndipo akakumbuka viazi vya porini. Watu wa hapa walivipika mara tatu, kila mara wakimwaga maji, mpaka uchungu ukatoka vikalika. Minza akafikiri: kama moto hufukuza uchungu wa kiazi, utafukuza na chumvi. Akajaza chungu kwenye chemchemi, akakiteleka, akachochea kuni. Hakukifunika, ili chumvi ipate pa kutokea.

Wifi yake, Wande, alipita akiwa na kibia chake mkononi, lile bakuli la udongo la kufunikia chungu, alilolitoa kivulini likiwa bado baridi. Alikuwa mtu wa mdomo mwepesi. Alimuuliza Minza anapika nini kisicho na nyama wala majani.

"Napika maji," Minza akasema.

"Basi usisahau kuyatia chumvi, wifi yangu."

Minza aliinama mafigani. Aliongeza kuni.

Ndani ya chungu, chembe za Maji zilianza kuhangaika. Kadiri moto ulivyozidi ndivyo zilivyosukumana, zikagongana, zikakimbia huku na huku bila kupata mahali pa kutulia. Zilimsikia mtoto akilia, na zilitamani kumfikia. Lakini kila zilipotaka kuachiana zilimkumbuka mgeni wao, zikajizuia, na kujizuia kule kukazidi kuziwasha.

Chumvi akahisi mtetemeko wao. Akasema, "Niache, ndugu yangu. Mimi ni mzito, siwezi kuruka nawe. Nitakaa chini nichunge chungu. Ila siku tutakayokutana tena, unipokee."

Maji akaahidi. Chembe zikaachiana mikono. Zikapasuka juu kwa mapovu na kelele, chungu kikatikisika, na kwa mara ya kwanza duniani mvuke ukatoka, mweupe, ukapotelea hewani.

Minza aliona maji yakipungua, akaogopa. Akaonja, akakuta yamezidi chumvi kuliko mwanzo. Alingoja chumvi iondoke, kumbe yanaondoka maji. Wande akainama juu ya chungu kutazama, akacheka akasema kwamba ameona wapishi wengi, lakini huyu wa kupika ukame ni wa kwanza.

Alipokuwa akicheka, kibia alichokuwa amekishika kilikuwa juu ya mvuke. Tone likaanguka kutoka upande wa chini wa kibia, likamdondokea kwenye kifundo cha mkono. Akalilamba, maana siku hizo hakuna aliyeacha tone. Kicheko kikakatika.

"Minza," akasema, "haya ni matamu."

Chembe zilipogusa udongo ule wa baridi zilipoteza mbio, zikaona upweke, zikashikana mikono tena. Lakini Chumvi hakuwa nazo.

Wakajaza chungu upya. Wande akakishika kibia juu ya mdomo wa chungu, amekiinamisha upande mmoja ili matone yateremke na kuingia kwenye kata ya kunywea maji. Kibia kikipata moto Minza alikimwagia mgongoni maji ya chemchemi kukipoza, na matone yakaanza tena. Kata ilijaa polepole mno. Mvuke ulimchoma Wande vidole mpaka vikavimba malengelenge, naye alibadilisha mkono, hakukiachia. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka.

Kata ilipofika nusu, Minza alimpa yeye kwanza. Wande alitikisa kichwa.

"Anayenyonyesha kwanza. Ukinywa wewe mmekunywa wawili."

Minza akanywa. Alichovya kidole akamlainisha Sayi midomo, kisha wakateleka chungu kingine, na kingine. Jua lilipoanza kulala maziwa yakarudi, kidogo, kisha zaidi. Sayi alinyonya bila kuachia, na alipolia tena alilia kwa machozi. Wande ndipo alipokunywa. Chini ya chungu alikuwapo Chumvi, mweupe, na pembe zake zilezile, amekaa kama alivyosema.

Siku ya nne wanaume walirudi na vibuyu nusu, na nguo zao zimelowa chapachapa. Walieleza kwa woga kwamba njiani walimwagiwa maji kutoka juu na hawakumwona aliyewamwagia. Kumbe zilikuwa chembe za chungu kile cha kwanza, zilizokosa kibia. Zilitangatanga mpaka kwenye baridi ya mawinguni, zikashikana huko, zikaanguka.

Na tangu siku hiyo Maji hana utulivu. Yuko mtoni, yuko hewani, yuko kwenye kamba ya nguo akijiandaa kuondoka. Tangu siku hiyo maji ya chumvi yakichemka huacha chumvi chini, na mvua haina chumvi hata ikitoka mbali. Lakini mtupie Maji chumvi wakati wowote utakaotaka, humpokea palepale, bila kuuliza, maana aliahidi. Nasi wapika chumvi wa bonde hili, matone ya kwanza ya mfuniko hatuyanywi wenyewe.

Haya, sasa funueni. Taratibu, msiyamwage. Yule dada aliyekaa pale nyuma na mtoto mgongoni, mpisheni apite mbele.