Pongezi Wakati wa Kiu

Mwalimu mmoja, jina lake Kyalo, alikuwa na darasa lililosifika kwa insha tarafa nzima. Jinsi alivyozisahihisha kila mtu alijua. Methali ilipata alama, tashbihi ilipata alama, na mwanzo wenye jua kuchomoza na ndege kutumbuiza ulipata alama kabla mwanafunzi hajasema lolote. Watoto si wajinga. Waliyakariri mapambo hayo na kuyamwaga popote, iwe insha ya harusi, iwe ya matanga.

Kati yao, Muthiani ndiye aliyeongoza. Syombua alishika mkia, maana aliandika alichokiona, kisha akaweka kalamu chini. Nyumbani aligombezwa apambe kama wenzake. Alikataa katakata, akasema hajawahi kumsikia ndege huyo anayetumbuiza matangani. Akazidi kupata alama duni, na akazidi kuandika vilevile.

Kiangazi kikaingia, pampu ya kisima ikavunjika. Yakabaki maji ya dimbwi la ng'ombe, na watoto wachanga wakaanza kuhara. Wazee wakamwomba Muthiani, bingwa wao, aiandikie ofisi ya maji. Basi akaandika. Jua likachomoza, ndege wakatumbuiza, subira ikavuta heri. Pampu yenyewe aliiita mama mpendwa aliyekaukiwa na maziwa, na hakuitaja kwa jina lake hata mara moja.

Majibu yalifika upesi. Mwalimu Kyalo aliyasoma mbele ya wazazi, akianza kwa tabasamu. Ofisi iliipongeza shule kwa insha tamu juu ya mama. Basi, hapo ndipo yalipoishia.

Kalekye, mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto mgonjwa mgongoni, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, tumesifiwa. Maji yako wapi?"

Kyalo aliona haya, na ilimpasa aone haya. Akamwita Syombua. Msichana akaandika mistari michache tu: mpini wa pampu umekatika, watoto wetu wanaugua, tuleteeni fundi na chuma kipya. Fundi akaja na chuma chake. Mtoto wa Kalekye akapona.

Kisha Kyalo akakusanya insha zote za muhula ule, akazisahihisha upya. Mwalimu mkuu alimwonya kwamba darasa lake litaporomoka katika matokeo ya tarafa, na kweli likaporomoka. Hakurudi nyuma. Kila insha aliisoma hadi nukta ya mwisho, akitafuta kama mwandishi wake ana jambo la kusema.

Ndugu zangu, nanyi kila siku mnasahihisha: wana wenu, watumishi wenu, viongozi mnaowapigia makofi. Hao mnaowapa alama za juu leo, siku ya kiu watawaletea nini?